Mkono wa Mwanamke wa Benchi

Chuoni, 2 Februari

Bwana Mratibu,

“Mchoraji huyu hakufundishwa na mtu. Kipaji chake kilimshukia kama mvua isiyoitwa, na rangi za mafuta zikamtii tangu siku ya kwanza.”

Hayo ni maneno yako, ukurasa wa tatu wa kijitabu cha maonyesho yangu ulichonitumia nikisahihishe. Nimeyasoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nilitafuta kalamu nyekundu, mara ya tatu nikaona kalamu haitoshi.

Hakuna rangi ya mafuta iliyomtii mtu siku ya kwanza. Rangi hiyo ina kiburi kutushinda mimi na wewe tukijumlishwa. Ukiiharakisha inajikunja, ukiiacha wazi inashika vumbi, na ukiweka inayokauka haraka juu ya isiyokauka, miaka inapita kisha inapasuka mbele za watu. Haya sikuyaota. Nilifundishwa, na aliyenifundisha yu hai, ana miaka sabini na minane, ana ulimi mkali kuliko wangu, na mtaa mzima unamwita Mama Milango.

Naona ulipita mbio kwenye maelezo niliyokupa, basi nayarudia. Ni shangazi yangu, dada wa baba. Alikuwa fundi rangi wa nyumba: milango, madirisha, ngazi. Nilianza kumshikia kopo nikiwa na miaka tisa. Kwake nilijua kwamba kazi ya rangi huanza na msasa, na mwenye haraka ya kushika brashi atarudia kazi. Kwake nilijua kwamba kijivu kizuri hakitoki kwenye nyeusi na nyeupe. Kinatoka kwenye buluu na kahawia zikigombana. Siku moja alinikalisha mbele ya mlango wa kijani, saa mbili asubuhi, akaniuliza, “Rangi gani hiyo?” Nikasema kijani. Akasema, “Kaa.” Kufika saa kumi nilikuwa nimetaja rangi kumi na nne, na mlango ule haukuwa umekuwa kijani hata mara moja. Baadaye nilikwenda chuo cha sanaa miaka minne. Hakuna aliyenipa somo kubwa kuliko lile.

Nyinyi waandishi wa vijitabu mna ugonjwa wenu. Mwanamume akichora vizuri mnauliza alisomea wapi. Mwanamke akichora vizuri mnasema amejaliwa.

Futa aya hiyo, weka niliyokuandikia kuhusu shangazi, neno kwa neno. Maonyesho yanafunguliwa tarehe 20 Machi, muda upo. Mimi sitoki hapa ninapofundisha hadi katikati ya mwezi huo, nachora wakuu saba wa zamani wa chuo hiki. Wanne ni marehemu na hawanisumbui.

Usinipigie simu. Sipokei simu nikiwa na brashi, na maneno ya simu hayana mwenyewe. Andika.

Mchoraji


Ukumbini, 9 Februari

Mwalimu mpendwa,

Shikamoo. Umenigombeza vizuri. Mvua nimeiondoa, na “zikamtii” nimeifuta kwa mkono wangu. Nakubali niliandika kama mtu anayemsifu farasi.

Lakini ile aya ya shangazi yako sitaweza kuiweka. Naomba uniamini kwamba kuna sababu, na kwamba si zangu kuzisema.

Jambo la pili ni kubwa zaidi. Juzi tumefungua sanduku la “Mwanamke wa Benchi”, picha tuliyoazima kutoka makumbusho. Uso, gauni, benchi na ukuta wa nyuma viko salama kabisa. Mkono wa kushoto, ule uliolala juu ya goti, umepasuka wote kama tope lililokauka. Fundi wetu wa kutengeneza picha za zamani anasema rangi ya mkono si sawa na rangi ya sehemu nyingine. Anadhani mtu aliugusa baadaye. Anaomba ruhusa aliondoe tabaka la juu, atafute mkono wa asili chini yake, kisha aurudishe ulivyokuwa.

Sina haja ya kukukumbusha kwamba hiyo ndiyo picha iliyokupa tuzo miaka ishirini na mitatu iliyopita, kwamba ndiyo iliyo kwenye bango, na kwamba nusu ya watu watakuja kwa ajili yake. Makumbusho hawatakubali chochote bila saini yako. Nimeambatanisha fomu. Tunaihitaji kabla mwezi haujaisha.

Wako katika sanaa,
Mratibu


Chuoni, 14 Februari

Bwana Mratibu,

“Kuna sababu, na si zangu kuzisema.” Ni za nani basi? Za mchapaji? Za mlinzi wa geti? Nimeishi miaka hamsini na mmoja, na kila nilipoambiwa “kuna sababu” nilichungulia nyuma yake nikakuta mtu ameketi, anaona haya.

Ngoja nikusaidie kuisema. “Alisoma kazi za mabingwa wa ng’ambo” ni maneno yanayopendeza kwenye karatasi inayong’aa. “Alijifunza kwa mwanamke aliyepaka vyoo vya shule ya msingi” hayapendezi. Ndiyo, vyoo. Ongeza na vyoo. Vyoo kumi na viwili, milango ya buluu, na hadi leo sijaona buluu iliyotulia vile.

Najua utaniambia nilishawataja hao mabingwa redioni. Niliwataja, na nimewasoma kuliko wewe. Lakini niliwakutia wapi? Katika kitabu kimoja cha maktaba, picha nyeusi na nyeupe ukubwa wa kiberiti. Mtu hajifunzi rangi kwenye picha nyeusi na nyeupe. Hao walinifundisha kupanga watu ndani ya fremu. Rangi nilikuwa nayo tayari, na kucha zangu zilikuwa zimejaa.

Wewe umegeuka karani wa heshima za watu wengine. Mfadhili anakohoa, wewe unafuta mstari. Nakupa onyo la kwanza na la mwisho: shangazi yangu asipoingia kwenye kijitabu, picha zangu haziingii ukumbini. Zote arobaini na mbili.

Kuhusu mkono: usiguswe. Mwambie fundi wako aweke kisu chini. Fomu yako nimepangusia brashi.

Mchoraji


Chuoni, 14 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Dawa ya kuchua nimempa dereva wa basi, mfuate stendi Alhamisi.

Hapa nimemaliza wakuu watano. Wa sita yu hai na ana upara, anataka nimchoree nywele alizokuwa nazo akiwa kazini. Nimemwambia nywele ni kazi ya ziada. Akaniuliza bei. Sikuwa natania vizuri, inaonekana.

Nina vita na yule mratibu wa maonyesho. Nilitaka kijitabu kiseme wewe ndiye mwalimu wangu. Anakataa, na hana hata ujasiri wa kusema kwa nini. Hawa watu wanaweza kula kwenye meza aliyoitengeneza fundi mbao maisha yao yote wasimwulize jina. Je, alifika kwako Januari alivyoniahidi? Alikutendeaje? Kama alikudharau niambie tu, nitamla mzima.

Wiki ijayo atakuja mpiga picha, nimemlipa mimi. Vaa gauni la buluu, simama mbele ya mlango wako. Nitaibandika hiyo picha ukutani mwenyewe, kwa misumari yangu, mratibu apende asipende.

Mwanao,
Kidole


Nyumbani, 20 Februari

Kidole,

Marahaba. Dawa nimeipata, inanuka kama tapentaini, basi nimeipenda.

Mpiga picha wako alikuja. Nimemfukuza. Alitaka nishike brashi huku nacheka. Nikamwuliza, wewe hucheka ukishika hiyo kamera? Akasema hapana. Nikamwambia basi na mimi nilikuwa kazini miaka arobaini na tano, si harusini.

Yule mratibu alifika. Ni kijana mwenye adabu, alivua viatu bila kuambiwa. Mwache mtoto wa watu, hana kosa. Unapenda ugomvi kama baba yako alivyopenda sukari, na unajua sukari ilimfanya nini.

Mimi sitaki jina langu kwenye ukuta wenu. Mwenye jina amesema hataki. Wewe ni nani unilazimishe? Milango yangu hainijui na bado inafungwa.

Na hiyo picha ya benchi msiipeleke. Una picha ngapi duniani, mia mbili? Chagua nyingine. Ile imezeeka kama mimi, iacheni ipumzike huko makumbusho gizani. Kama wameshaileta, waifunge, waseme imepata unyevu.

Usinijibu kwa maneno marefu.

Shangazi yako


Ukumbini, 24 Februari

Mwalimu,

Nimevumilia. Katika barua mbili umeniita mgonjwa, mwoga wa wafadhili na karani wa heshima za watu. Mama yangu mzazi, nilipofeli hesabu mara mbili, hakufika huko.

Nianze na picha. Hatujaukwangua mkono. Kipande kimoja kilidondoka chenyewe, kidogo kuliko punje ya chumvi, na fundi akakitazama kwa vyombo vyake. Si rangi yako ya mirija. Ni rangi ya kopo, kahawia, ya kupakia milango. Chini yake kuna mkono mwingine uliochorwa kwa rangi zako, vidole vimenyooka. Fundi anasema bila kusitasita: mtu ameiharibu picha hii, tuondoe uharibifu, turudishe kazi ya msanii. Makumbusho wanakubaliana naye. Bila neno lako la maandishi, kazi itaanza tarehe 10 Machi.

Sasa ile sababu. Nilimwahidi mtu kwamba nitanyamaza. Ahadi hiyo naivunja leo, na naona haya kuivunja, lakini nimechoka kutukanwa kwa niaba ya shangazi yako. Barua yake nimeiweka humu. Baada ya kuisoma, naomba uniandikie jambo moja tu: mkono huo ulichorwa na nani?

Mratibu


(Ndani ya bahasha hiyo)

Nyumbani, 22 Januari

Mwanangu Mratibu,

Ulipokuja na kinasa sauti chako nilikusimulia habari za milango ukacheka. Moja sikukusimulia. Ukiisha kusoma, choma.

Ile picha ya benchi, aliyekaa ni mimi. Alinichora sebuleni kwangu, likizo ya mwaka wake wa mwisho chuoni. Aliichora kwa ajili ya ndugu yangu, baba yake, aliyefia hospitali mtoto akiwa mbali kwenye mitihani. Mimi ndiye niliyekaa kwenye benchi la hospitali siku tatu. Yeye aliambiwa tu.

Picha ilikuwa nzuri, ila mkono haukuwa wangu. Alinichorea mkono wa mtu aliyeshiba, anapunga upepo. Nilimwambia, akasema, Shangazi umekaa hivyo hivyo. Kweli, nilikuwa nimekaa hivyo, kwa sababu nilikuwa nyumbani, simsubiri mtu.

Siku moja kabla ya lori la mashindano kuja, alikwenda kuchukua fremu. Mimi nikabaki na ile picha. Nikaona siwezi kuiacha iende kwa watu na mkono ule. Rangi zake hukauka wiki nzima, na lori lilikuwa la asubuhi, basi nikachukua kopo langu la kahawia na lile la krimu. Nikaufumba mkono. Kidole gumba nikakiingiza ndani ya vingine, maana ndivyo nilivyokishika siku tatu, nisije nikaanza kutukana watu. Nilipomaliza nikaogopa nilichokifanya. Nikaifunga picha kwa blanketi kabla hajarudi, nikamwambia tayari, usiifungue, vumbi.

Hajui mpaka leo. Ukiandika kwamba mimi ni fundi rangi, mtu mwenye macho atautazama mkono ule, atajua, na watamnyang’anya tuzo. Mtoto wangu ataitwa mwongo kwa kosa langu. Kwa hiyo nakuomba, usinitaje popote. Akikupigia kelele, vumilia. Kelele zake hazing’ati.

Mama Milango


Chuoni, 27 Februari

Bwana Mratibu,

Nipe siku kumi. Asiguse mtu.

Mchoraji


Chuoni, 27 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Uliniambia nisikujibu kwa maneno marefu. Nisamehe, haya siwezi kuyafupisha.

Mratibu amenionyesha barua yako. Usimlaumu, nilimsukuma hadi ukutani.

Shangazi, nilijua.

Nilijua tangu siku ya tuzo. Ulipoifunga picha kwa blanketi sikuifungua, ulivyotaka; fremu niliipakia kando, wakaivisha huko huko. Mara yangu ya kwanza kuiona tena ilikuwa ukumbini, chini ya taa, majaji wamesimama mbele yake. Nilitazama mkono nikahisi kama nimeingia nyumba isiyo yangu. Rangi ilikuwa imevutwa kutoka juu hadi chini, mfululizo, bila kurudia, kama unavyovuta ubao wa mlango. Nani mwingine duniani anavuta rangi hivyo? Na kile kidole gumba. Ndipo nilipojua jinsi ulivyokaa hospitalini. Hukuwahi kunieleza, na mimi sikuwahi kuuliza.

Jaji mmoja akasema kwa sauti, “Uso ni mzuri, lakini picha ni mkono.” Wakaita jina langu. Nikainuka.

Ningeweza kusema pale pale. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, na deni la ada, na viatu vya kuazima. Nikasema nitakuambia wewe kwanza, kisha wao. Nilipofika nyumbani ulikuwa hunitazami usoni. Nikadhani umekasirika kwamba nimechukua sifa zako. Nikaogopa. Nikasubiri uanze wewe. Wiki ikapita. Halafu gazeti likaniuliza, “Uliuchoraje ule mkono?” na mimi, Shangazi, nikajibu. Nikaeleza! Nilisema habari za kivuli, na tabaka, na subira. Baada ya hapo njia ya kurudi ilizidi kuwa ndefu kila mwaka.

Nitakuambia na baya zaidi. Chuoni nina somo linaitwa “Mkono”. Nimelifundisha miaka kumi na mmoja. Naweka ile picha ukutani, wanafunzi wanaandika.

Watu wanasema mikono ndiyo mtindo wangu. Kila picha niliyochora tangu wakati ule ina mkono mbele: wa mshonaji, wa daktari wa meno, wa mama anayefunga kifungo. Wanaita mtindo. Mimi najua ni mtu anayejaribu kufanya kitu ambacho watu wanaamini alishakifanya. Sijaupata hata mara moja. Niliofika karibu ni ule wa mshonaji, na bado kidole gumba kinadanganya.

Ndiyo maana nimekuwa nikikutangaza kuwa mwalimu wangu. Kila mahali, kwa fujo. Nimegombana na waandishi, na wakuu wa chuo, na huyu mratibu maskini, nikijiona mtetezi wako. Leo nimekaa na barua yako nikaona nilichokuwa nafanya. Mwalimu hupewa shukrani, basi yamekwisha. Nilikushukuru kwa sauti kubwa ili nisiulizwe ulifanya nini.

Na kumbe muda wote huo ulidhani umeniharibia. Hilo sikulijua. Ningelijua, nadhani ningesema. Nadhani. Sina hakika, na hiyo ndiyo inayonitia hasira kuliko yote.

Wanataka kuukwangua mkono wako tarehe 10 wafukue wangu. Niambie la kufanya. Nitafanya utakalosema, hata ukisema ninyamaze.

Kidole


Nyumbani, 4 Machi

Kidole,

Marahaba sikupi.

Miaka ishirini na mitatu! Ile kalenda ya makumbusho yenye picha yako nilikuwa naigeuza ielekee ukutani kila ulipokuja, nikisingizia nzi. Na wewe ulikuwa unaiona imegeuka, unakunywa chai, unaniuliza habari za magoti. Tulikuwa wajinga wawili sebule moja. Mimi nikiomba Mungu usijue, wewe ukiomba nisiseme. Mungu alichoka na sisi.

Umeniudhi. Si kwa tuzo. Tuzo ningefanyia nini, ningeitundika bafuni? Umeniudhi kwa sababu uliniona sikutazami usoni, ukajihesabia wewe. “Amekasirika juu yangu.” Kila kitu juu yako. Hukufikiri hata siku moja kwamba mwenzako huenda anaogopa?

Na eti somo! Watoto wa watu wanalipa ada kusikia ulivyochora mkono wangu! Nimecheka mpaka jirani amebisha hodi. Kisha nikalia kidogo. Kisha nikacheka tena.

Sasa sikiliza, maana umeuliza.

Hilo neno mwalimu lifute. Sikuwa mwalimu wa mtu, nilikuwa kazini na wewe ulikuwa unanizibia mwanga. Ukiandika, andika kilichofanyika. Mwili, gauni, benchi, ukuta ni wako. Mkono ni wangu. Usinipake sukari, usiseme mnyenyekevu, mimi si mnyenyekevu. Mkono ule ulikuwa mbovu nikautengeneza, na nilijua nimeutengeneza. Nilichoogopa ni wewe kupata taabu. Kama taabu umeichukua mwenyewe, mimi naogopa nini tena?

Na wasiukwangue. Nilijua siku ile ile utapasuka. Rangi ya kopo juu ya rangi mbichi, nani asiyejua? Mimi ndiye niliyekukataza kufanya hivyo ukiwa mtoto wa miaka tisa. Lakini lori lilikuwa linakuja. Kazi nyingine unaifanya ukijua itapasuka, kwa sababu kesho inatakiwa iwe sahihi. Wauache na nyufa zake.

Ukisema, sema yote siku moja. Usiwape vipande vipande kama mtu anayekata kucha.

Tarehe 20 nitakuja. Atakayenipa kiti nitakaa. Atakayenishika kiwiko kunipandisha ngazi nitamchapa.

Shangazi yako


Chuoni, 6 Machi

Kwa Mratibu wa Maonyesho, na kwa majaji watatu wa tuzo, popote mlipostaafia,

Bwana Mratibu, uliniuliza jambo moja. Mkono wa kushoto wa “Mwanamke wa Benchi” ulichorwa na shangazi yangu, Mama Milango, fundi rangi wa nyumba, kwa makopo mawili ya rangi ya milango, mchana mmoja, mimi nikiwa sipo. Ni mkono wake mwenyewe. Sikumwomba, sikumsaidia, na nilipouona nilijua ni kazi yake. Nilipokea tuzo. Niliieleza kazi hiyo magazetini na darasani kana kwamba niliifanya. Huo ni uongo, umedumu miaka ishirini na mitatu, na ni wangu peke yangu. Yeye alidhani sijui.

Wewe sikukutendea haki. Nilikuita karani wa heshima za wengine, kumbe ulikuwa unatunza siri ya mtu mzima aliyekuomba. Nafuta kila neno isipokuwa lile la mvua, ambalo ulistahili.

Kijitabu kama kimeshachapwa, kichapwe upya. Aya yangu ya “mwalimu” itupe. Chini ya picha hiyo andika hivi: “Mchoraji ni huyu, mkono wa kushoto ni wa Mama Milango.” Barua hii itundike kando yake, kwa herufi ambazo mtu wa miaka sabini na minane anaweza kuzisoma bila miwani. Fundi asiuguse mkono kwa kisu. Azuie vipande visidondoke, basi. Anaposema arudishe kazi ya msanii, mwambie kazi ya msanii ndiyo hiyo iliyo juu. Iliyo chini ni makosa yangu, na nimeyatazama mara moja, yanatosha. Wanafunzi wangu nitawaambia mimi mwenyewe Jumatatu saa tatu, na wanaotaka ada ya somo lile warudishiwe.

Najua watasema nini. Watasema picha zote huguswa na wasaidizi, tangu zamani, na mabwana wakubwa waliweka sahihi zao juu ya jasho la karakana nzima. Nimeisoma hoja hiyo kwa wengi, na niliitumia kila nilipokosa usingizi. Haina miguu. Msaidizi hufanya anachoelekezwa. Huyu alinikosoa. Alijua kitu ambacho mimi, kwa miaka yangu minne ya chuo, sikuwa nakijua, na alikijua kwa sababu alikaa pale mimi nisipokuwepo. Hakunisaidia kuchora picha yangu. Aliiondoa picha yangu palipokuwa na uongo akaweka yake.

Watasema pia kwamba hakusomea. Mtu akisema hivyo mbele ya mkono ule, mpeni kopo la kahawia na kopo la krimu na mchana mmoja, mumsubiri.

Sasa nyinyi majaji watatu. Wawili wenu bado mnaandika vitabu kuhusu sanaa, na mmoja ananitumia salamu za mwaka mpya. Mlikuwa sahihi. Picha ni mkono. Mlikosea jina tu, na kosa hilo mlilipewa na mimi, kwa hiyo sidai mniombe radhi wala sitawaomba mnisitiri. Nadai mfanye kazi mliyoianza. Tarehe 20 Machi, saa nne asubuhi, yeye atakuwa ukumbini, ameketi. Njooni wote watatu. Leteni daftari la tuzo, lile lenye sahihi zenu. Simameni mbele yake, mmwulize maswali mliyoniuliza mimi: kwa nini kidole gumba kimefichwa, kwa nini rangi imevutwa chini kwa mkupuo mmoja. Msikilizeni mpaka amalize. Kisha fungueni daftari muandike jina lake kwenye mstari wa jina langu, kwa wino, watu wakiona. Mkiniambia kanuni hairuhusu majina mawili kwa picha moja, likateni langu.

Mchoraji